Nguzo Nyuma ya Vigae

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Povu, ingawa mtoto hakujaliwa. Ukipita mbele ya nyumba yao asubuhi ungekuta povu limetoka chini ya mlango, limevuka kibaraza, linateremka ngazi moja moja kama mzee anayeogopa kuanguka, mpaka kwenye mfereji wa barabarani. Watoto walilikanyaga makusudi. Yeye alikuwa ndani, mikono imezama mpaka viwiko, anaimba kwa sauti mbaya nyimbo ambazo hata maneno yake hakuyajua.

Aliingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi mwenye maneno mengi na sanduku jepesi. Mume wake alikuwa fundi wa redio na pasi, mtu mpole ambaye mtaa ulimbatiza Taratibu. Ukimpelekea redio yako, ulikuwa na nafasi ya kununua nyingine, nayo ikaharibika, ukampelekea hiyo pia, kabla hujaipata ile ya kwanza. Kaka yake mkubwa alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Huyo tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna jambo lililofanyika mle ndani bila yeye kulifungulia kikao. Hata chai ya asubuhi aliianza kwa kukohoa na kuwashukuru waliohudhuria. Juu yao wote alikuwa mama mkwe, mjane mwenye miguu ya kuvimba na masikio makali. Na wa mwisho kuzaliwa alikuwa binti mmoja, mrembo, mwembamba, mcheshi, ambaye Mama Povu hakuwahi kumwita kitu kingine ila wifi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja na ilijengwa kwa njia isiyo ya kawaida. Marehemu baba mkwe alikuwa msimamizi wa ghala fulani. Ghala lilipobomolewa alipewa vyuma vyake, naye akavigeuza nyumba. Kwa hiyo chini palikuwa na ukumbi mmoja mpana usio na kuta za katikati, na nguzo nne za chuma. Nguzo zilibeba boriti za chuma, na boriti zilibeba sakafu ya juu, ambako familia iliishi. Mzee alikuwa na tabia ya kuzipiga kofi nguzo zile mbele ya wageni na kusema zitawazika wajukuu wake. Alikuwa anajisifu.

Alipofariki, ukumbi wa chini ukabaki mtupu, umejaa baiskeli mbovu na mavumbi. Mama Povu ndiye aliyeomba kuufanya mahali pa kufulia nguo za watu. Mwenyekiti akaitisha kikao, akazungumza sana, akakubali. Basi yakajengwa mabeseni makubwa ya saruji kwenye kona ya mbele, karibu na bomba, kamba zikafungwa uani, na kazi ikaanza.

Na alichapa kazi kwelikweli. Alikuwa na jicho la madoa kama daktari ana jicho la vidonda. Alinusa shati lako akakuambia ulikaa na nani. Nguo nyeupe ndizo zilizomjengea jina, maana alizing'arisha kwa dawa ya klorini mpaka ukizivaa unajiona mdhambi. Kwa mikono yake nyumba nzima ilikula. Dawa za mama mkwe zilitoka kwenye mabeseni yale, na taa, na viatu vya Mwenyekiti ambavyo havikuwahi kukosa kiwi. Hakuna aliyesema hivyo kwa sauti. Mwenyekiti alipowakaribisha wageni alisema, "Shemeji hapa anajishughulisha kidogo."

Aliyejua kazi ile ni nini hasa alikuwa wifi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipiga pasi. Wawili hawa walipatana kiasi cha kuwaudhi watu. Walikula sahani moja, walichana nywele kwa kitana kimoja, walicheka mambo ambayo wao wenyewe hawakuweza kuyaeleza. Mama mkwe alipochomeka maneno yake kuhusu tumbo lisilozaa, wifi ndiye aliyejibu.

"Mama, mbona mtoto anaye? Mimi hapa. Ananilisha, ananifokea, ananikataza kuvaa sketi fupi."

"Wewe mtoto gani, una ndevu za maneno," Mama Povu alimwambia, nao wakacheka mpaka mama mkwe akaondoka zake.

Sasa, ile nguzo ya kona ilikuwa imesimama karibu sana na mabeseni. Kutwa nzima ilirushiwa maji ya sabuni na maji ya klorini, na kwa kuwa sakafu ilikuwa imelala upande ule, maji yote yaliyomwagika yalikwenda kupumzika miguuni pake. Kwanza rangi yake ilivimba kama ngozi iliyoungua. Halafu ikapasuka, na ndani yake pakaonekana rangi ya udongo mwekundu. Halafu nguzo ikaanza kutoa magamba, makubwa kama kiganja cha mtoto, ambayo ukiyabonyeza yanavunjika kama mkate mkavu. Mama Povu aliyafagia kila asubuhi pamoja na uchafu mwingine.

Alikuja kukasirika siku shuka nyeupe ya nyumba moja ya wageni ilipoigusa nguzo ile ikatoka na mstari wa kahawia. Doa la kutu halisikii klorini. Ukilimwagia linazidi kukomaa. Aliisugua shuka mpaka ikatoboka. Ndipo alipokwenda kumwita fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili, bwana mmoja ambaye kila mtu alimwita Macho Mekundu.

Macho Mekundu alichuchumaa, akagonga mguu wa nguzo kwa nyundo. Juu, mahali penye rangi nzima, chuma kililia kama kengele. Chini kilitoa sauti ya kopo lenye mchanga, na magamba yakaanguka rundo.

"Mama, hiki chuma kinaliwa," alisema.

"Si kutu tu? Nikikisugua na kukipaka rangi?"

"Wewe unadhani kutu ni uchafu uliokaa juu ya chuma, kama tope juu ya kiatu. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Kila ganda unalofagia hapa, umefagia nguzo."

Akaeleza anavyoona yeye. Inatakiwa boriti iwekewe magogo ya kuishikilia, mguu wa nguzo ukatwe, uchomelewe chuma kipya, kisha unyanyuliwe juu ya kitako cha zege ili maji yasiufikie. Na mabeseni yahamie uani.

"Itachukua muda gani?"

"Kama mwezi. Na humu ndani hufui."

Tumtendee haki Mama Povu. Macho Mekundu alikuwa mtu wa kuona kifo katika kila kitu. Alikuwa amesema geti la shule litaua mtu, na geti bado lilikuwa limesimama. Alikuwa amesema ngazi ya muuza nyama haina wiki, na muuza nyama aliendelea kupanda na kushuka na kilo zake zote. Tena wiki ileile nyumba ya wageni ilikuwa imekubali kumpa shuka zake zote, za vyumba vyote. Kufunga mwezi mzima kulikuwa sawa na kuwafungulia mlango madobi wengine na kuwaonyesha njia.

Kikao kikakaa juu, sebuleni. Mwenyekiti akasema amelitafakari suala hilo kwa kina. Pendekezo lake lilikuwa kuzungushia mguu wa nguzo saruji mpaka usawa wa kiuno, kisha kupiga vigae juu yake. Kutu isingeonekana wala kugusa nguo za watu, na mahali pangependeza.

"Hapo shemeji umenena," Mama Povu akasema kabla mwingine hajafungua mdomo. "Fundi mwashi anamaliza kwa siku mbili, mimi naendelea na kazi."

Taratibu akajisogeza kwenye kiti. "Mimi naona..." alianza, kisha akasafisha koo.

"Na wewe, mdogo wangu, unasemaje?" Mwenyekiti akauliza.

"Mimi niko na wifi. Anachosema wifi ndicho."

Kufikia hapo Taratibu alikuwa amemaliza kusafisha koo, lakini kikao kilikuwa kimefungwa.

Vigae vikapigwa, vyeupe vyenye maua ya buluu, na lazima nikiri vilipendeza. Wateja walivisifu. Nguzo ilionekana kama imevaa sketi mpya. Mama Povu alivipenda, akavisugua kila jioni kwa dawa ileile ya klorini mpaka vikawa vinametameta, na maji ya kusugulia yakapata njia yao ndogo pale juu, mahali saruji ilipokutana na chuma bila kushikana sawasawa. Yalipoingia hayakuwa na pa kutokea. Kabla ya hapo nguzo ilikuwa inalowa mchana na kukauka usiku. Sasa ilikuwa imesimama ndani ya kikombe.

Mwaka uliofuata maji ya bomba yakaanza kukatika ovyo. Mama Povu akaomba tangi. Mwenyekiti akalinunua kubwa, akaliweka juu, kwenye kona ya mbele, lenye kuteremsha maji moja kwa moja mpaka kwenye mabeseni. Na kwa kuwa tangi lilikuwa pale, akavuta bomba jingine mpaka bafuni kwake. Kila asubuhi alioga kwa muda mrefu akiwa anahutubia.

Miaka ikaenda. Kigae kimoja kikapata ufa mwembamba kama unywele. Kikafuata cha pili. Kisha upande mzima ukatuna, kama kwamba kuna mtu ndani anasukuma kwa bega. Fundi mwashi akaja, akang'oa vilivyolegea, akaziba, akapiga vingine. Baada ya msimu mmoja vikatuna tena. Fundi akalaumu saruji, wenye duka la saruji wakamlaumu fundi. Tulikuja kuelezwa baadaye kwamba kutu inapozaliwa inataka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo nguzo ilivyozidi kukonda ndivyo ilivyozidi kuonekana imenenepa.

Huko juu nako mlango wa chumba cha mama mkwe ukakataa kufunga. Taratibu aliupiga randa, ukafunga, ukakataa tena. Bakuli la supu ukiliweka mezani, supu ilisogea upande mmoja. "Nyumba inazeeka kama mimi," mama mkwe alisema. "Na yenyewe magoti yanaiuma." Wakazoea. Mguu mmoja wa meza ukawekewa kipande cha mbao, na maisha yakaendelea.

Jambo ambalo Mama Povu hajawahi kujisamehe si vigae. Ni kifua cha wifi. Harufu ya klorini, ikichanganyika na mvuke wa pasi, ilikuwa imeanza kumsumbua yule binti; alikohoa kikohozi kikavu kisichoisha. Mama Povu hakulala akimfikiria. Siku moja akaibeba meza ya pasi kwa mikono yake mwenyewe, akaipandisha ghorofani, akaiweka kwenye chumba cha kona ya mbele, chenye dirisha kubwa.

"Utapigia huku. Kuna hewa, unaona barabara, unamwona na yule kijana wa duka la vitabu anavyojifanya anafagia."

"Wifi! Mimi sina habari naye."

"Yeye anazo. Kaa hapa upone."

Na kikohozi kikapona. Wifi akawa anapiga pasi huku akirusha maneno dirishani kwa wapita njia, na kila alipomaliza rundo aligonga sakafu kwa kisigino ili Mama Povu chini ajue aje kulichukua.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limetoka, maji yamerudi usiku na tangi limejaa mpaka mdomoni. Mama Povu alikuwa uani anaanika shuka. Kwanza alisikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja ubao kwa goti. Akafikiri ni kamba imekatika, akageuka kuitazama. Halafu akasikia vigae vinaruka, vinapiga ukuta wa ndani kama mawe. Halafu ikaja sauti ambayo hata sisi wa upande wa pili wa barabara tuliisikia na kuihisi tumboni.

Nguzo haikuanguka kama mti. Ilizama. Mguu wake ulijikunja ndani ya ile saruji, nguzo nzima ikashuka, boriti ikaifuata, na kona ya sakafu ya juu ikainama kama sinia. Tangi lilikuwa la kwanza kuteleza. Lilipasua ukuta, likaangukia ndani ya mabeseni, na maji yote yakatoka mlangoni kwa wakati mmoja yakiwa na mashati ya watu. Nyuma ya tangi iliteleza meza ya pasi, na wifi akiwa ameishikilia.

Mama Povu aliingia kabla ya mwanamume yeyote. Vumbi lilikuwa limejaa na pasi ilikuwa bado inachoma kitu mahali fulani. Alimpata wifi kwa kufuata sauti. Kipande cha ukuta kilikuwa kimemlalia kuanzia nyonga mpaka goti. Mama Povu alichimba kwa kucha. Tulipofika tulimkuta anakivuta kile kipande peke yake, kitu ambacho baadaye watu wanne walipata shida kukinyanyua, na anasema, "Nipo, wifi, nipo, usilale, nipo." Wifi alimtazama tu, macho makavu.

Hakufa. Nyonga ilikuwa imesagika, na mguu ulipopona ulipona mfupi na mgumu, usiokunjika.

Mama mkwe, Mwenyekiti na Taratibu hawakupata hata mkwaruzo. Walikuwa upande wa nyuma wanakunywa chai.

Siku ya tatu akaja mhandisi wa manispaa, mtu wa makamo, mwenye adabu. Nyumba ikapigwa marufuku kukaliwa mpaka itakaposhikiliwa na kujengwa upya upande ule. Akawaambia mafundi wavunje ile saruji yenye vigae ili aone. Mtaa mzima ulijipanga kibarazani. Macho Mekundu alikuwepo pia, amesimama nyuma kabisa.

Kilichotoka ndani ya saruji kilikuwa kama kuni iliyoungua. Mhandisi akachukua kipande cha nguzo kutoka juu, kinene kama kidole gumba, kizima, kisha akachukua cha chini, akakishika kati ya vidole viwili. Pembeni kilikuwa chembamba mno, mwanga wa jua ulipita kwenye matundu yake.

"Nguzo hii haikushindwa ghafla," alisema. "Ukiacha tangi, mzigo uliokuwa juu yake haukubadilika sana. Kilichobadilika ni chuma cha kuubeba. Kila mwaka kilipungua, na kile kilichobaki kilibeba sehemu ya kile kilichoondoka. Mwisho kilichobaki hakikutosha."

"Kwa hiyo ni dawa ya kufulia," Mwenyekiti akasema.

"Dawa, ndiyo. Klorini inakula chuma vibaya sana. Na maji yaliyotuama. Na hii saruji na vigae vilivyofungia maji ndani na kuwazuia kuona. Na tangi lililowekwa juu yake bila mtu kuuliza. Na miaka yote hiyo. Ingekuwa wazi mngeiona inaisha."

"Dawa ya kufulia," Mwenyekiti akarudia, akiwageukia majirani kama anayewasomea hukumu.

Hospitalini, Mama Povu alikwenda kila siku na uji kwenye chupa. Siku za mwanzo wifi alikuwa amelewa dawa. Alipopata fahamu zake sawasawa aliunywa uji, akamrudishia kikombe.

"Ulijua," akamwambia.

"Wifi, tulijua sote. Tulikaa kikao sote."

"Mimi nilisema niko na wewe. Sikujua kitu, nilisema niko na wewe tu. Wewe ndiye uliyekuwa unaiosha kila siku. Ndiye uliyekuwa unafagia magamba yake."

"Ningejua ningekupandisha juu mimi?"

"Sijui." Akageuza uso ukutani. "Uji wako una sukari nyingi. Usilete tena."

Alileta tena. Muuguzi akampokea mlangoni, akamwambia kwa upole kwamba mgonjwa ameomba asiingie.

Kikao cha mwisho kilikaliwa uani kwa binamu yao, ambako familia ilikuwa imejisitiri. Mwenyekiti hakuwashukuru waliohudhuria. Alisema nyumba ya baba imevunjwa na mtu mmoja mwenye tamaa, ambaye aliingia na sanduku na kwa muda wote huo alikuwa anaila nyumba kutoka chini. Mama Povu akamuuliza maji ya kuoga yalikuwa yanatoka wapi. Akamuuliza vigae vilikuwa wazo la nani. Akamuuliza viatu hivyo miguuni mwake vimenunuliwa na nani.

"Usinipandishie sauti mbele ya mama."

Mama mkwe alikuwa hajainua kichwa. "Mwanangu alikuwa na miguu," alisema. "Mimi sitaki maneno mengine. Mwanangu alikuwa na miguu."

Hapo Mama Povu akamgeukia mumewe. Wote wakamgeukia. Miaka yote ile walikuwa wamelala kitanda kimoja. Alimfulia, akamngojea, akacheka watu walipomcheka.

"Mimi naona..." Taratibu alisema.

Safari hii hakuna aliyemkatiza. Ua mzima ulimngoja. Kuku alipita kati yao, akatoka upande wa pili.

"Mimi naona mama amechoka," akamaliza.

Mama Povu alisimama. Alikuwa na sanduku lile moja alilokuja nalo, na sasa lilikuwa jepesi zaidi, maana nguo zake zilikuwa zimebaki chini ya kifusi. Taratibu alimsindikiza mpaka barabarani, akambebea. Akamwambia atamfuata, mambo yakitulia.

Alipata kazi kwenye duka kubwa la dobi mjini, la mashine, chini ya jengo lisilo na madirisha. Tajiri wake alimweka kwenye madoa kwa sababu mashine hazijui madoa. Wasichana wa pale humwita Mama tu. Haimbi tena. Alipanga chumba kimoja chenye kitanda, jiko na msumari wa kutundikia gauni, na kila jioni alikifagia haraka, kama mtu anayetarajia mgeni.

Mambo yalichukua muda kutulia. Mwenyekiti alijenga kona ile upya kwa zege, akaukodisha ukumbi wa chini kwa muuza simu. Familia ikarudi juu. Ilipotimia karibu mwaka, Taratibu akaja.

Alibisha hodi akiwa na mfuko mkubwa begani. Mama Povu alipouona mfuko, alijua amehamia. Akamvuta kiti, akamkaanga mayai, akamtazama akila. Alipomaliza kula akaufungua mfuko. Ulikuwa na nguo chafu.

"Huko nyumbani siku hizi hakuna wa kufua," alisema. "Nikafikiri, kwa kuwa wewe una mashine."

Alizifua. Usiniulize kwa nini. Alizifua kwa mkono, tena, wala si kwa mashine. Naye akawa anakuja kila baada ya majuma kadhaa, na mfuko uleule, anakula, anauliza hali, anaondoka na nguo safi.

Siku moja, kati ya mashati yake, ilikuwemo nguo ya wifi, gauni lake. Mama Povu aliitambua kabla hajaitoa yote. Ilikuwa imefumuliwa pembeni na kuongezewa kitambaa, kwa ajili ya ile nyonga.

"Anajua umeileta?"

"Hapana. Ilikuwa kwenye kapu."

Aliifua peke yake, kwenye beseni lake, kwa maji ya vuguvugu, bila tone la dawa. Akaipiga pasi mwenyewe, naye pasi haikuwa kazi yake. Siku zote ilikuwa kazi ya mwenzake. Akairudia mara mbili. Kisha akahesabu siku mpaka Taratibu aliporudi, na alipoingia hakumngoja hata akae.

"Aliiona? Alisema nini?"

Taratibu alifikiri. "Aliuliza nani kaipiga pasi. Nikamwambia. Akasema kola haikunyooka."

"Basi?"

"Basi. Akaichukua, akaiweka kwenye maji upya. Siku hizi anafua mwenyewe. Anakaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, anafua na za mama."

Mama Povu alibaki amesimama katikati ya chumba. Taratibu, kwa kuwa hakuambiwa kitu, aliutua mfuko mahali pake pa kawaida, karibu na beseni, akavuta kiti.

"Uchukue," Mama Povu alisema.

"Nini?"

"Mfuko wako. Kama yeye na mguu ule anafua, na wewe unayo mikono. Kafue."

"Mimi naona..."

"Nimesikia unavyoona. Nenda."

Aliinuka kwa namna yake, akauweka mfuko begani, akauhamishia bega la pili, akasimama mlangoni kidogo kama kuna neno linakuja. Mama Povu hakulingoja. Alikuwa amekwisha kumpa mgongo, anaosha sufuria ya mayai ambayo siku hiyo hata hakuwa ameyakaanga.